Mtengela Yupo Matangani

Kwa miaka kumi na mmoja Ediltruda Mbano alikuwa mkaguzi wa mitambo ya upepo bila kupanda mtambo hata mmoja. Hakuna aliyelijua hilo isipokuwa yeye na Mungu wake, na Mungu hana tabia ya kuandikia makao makuu.

Wala haikuwa kazi ngumu kulificha. Droni zilipanda, zikapiga picha za mapanga, zikapima nyufa, zikashuka. Yeye alibaki chini ndani ya gari, vioo vimefungwa, chupa ya chai iko katikati ya mapaja. Kila Desemba ilikuja fomu yenye mstari mmoja mwishoni, "Mkaguzi amepanda hadi kichwani," yaani chumba cha gia kilicho juu ya mnara, naye alitia sahihi yake kwa mkono usiotetemeka. Ungetetemeka kwa lipi, na mkono wenyewe uko chini? Kilichomtetemesha Truda ni kimo. Stuli ya jikoni tu ilimtoa jasho. Taa ya sebuleni kwake ikiungua, alikaa gizani mpaka shemeji yake aje kumsalimia.

Leo sasa droni ilikuwa imelala kwenye buti, haina msaada. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na mfuko mwekundu, na ndani ya mfuko kulikuwa na ufunguo wa kufutia.

Mitambo ya siku hizo ilikuwa na akili, na akili ile haikutoka kiwandani ikiwa imekomaa. Kila mtambo uliletwa ukiwa mchanga, ukapewa mlezi kutoka kijiji kilicho chini yake, naye akaufundisha upepo wa pale hugeuka saa ngapi, mvua ya mawe hutokea upande gani, jirani ni nani na husalimiwa vipi. Mtambo uliolelewa vizuri ulitoa umeme mara moja na nusu ya ule usiolelewa. Shirika halikujua kwa nini na halikuuliza, maana mwenye shibe haulizi nani kapika. Ila Bunge liliingiwa na wasiwasi, likatunga Sheria ya Uso kwa Uso: akili iliyolelewa haifutwi kwa mbali. Anayetaka kuifuta apande hadi kichwani mwake, ajitambulishe, aseme alichokuja kufanya, ndipo azungushe ufunguo. Waheshimiwa hawakutaka mtu aue akili huku anakunywa chai. Truda, ambaye kazi zake zote alizifanya huku anakunywa chai, aliona kabisa kwamba sheria hiyo ilitungwa kumkomoa yeye.

"Mbano," alisema Bwana Kisamo, mkuu wake, kwenye simu. "Namba Saba haijazunguka siku sitini na tatu. Kijiji hakina umeme, mashine ya kusaga imekufa, akina mama wanabeba mahindi kilomita tisa. Ikizunguka kabla ya saa kumi jioni, rudi nyumbani. Isipozunguka, futa."

"Na nikikuta ni kitu kidogo tu, mkuu?"

"Mafundi wanne wameshapita hapo, wakaipima kutoka chini. Gia nzima, breki nzima, upepo upo. Huo ni ukaidi. Futa, tuanze upya na mlezi mwingine."

Simu ikakatika. Truda akamwaga chai iliyobaki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

*

Kilima cha Ihembe, ng'ambo ya Makambako, kina baridi isiyo na adabu. Mitambo kumi na mmoja ilikuwa inazunguka kwa raha zake, mapanga yakivuma juu ya mashamba ya viazi. Wanakijiji waliiita mapangaboi, kama feni za darini. Wa saba ulisimama kimya, mapanga matatu yameinamishwa, na kunguru wawili wamepata pa kukaa.

Aliyempokea ni Bibi Yusta Mtewele, mjane wa mlezi. Alikuwa na miaka sabini na kitu, koti kubwa la kiume juu ya khanga mbili, na mwendo wa mtu mwenye shughuli. Alimlisha Truda viazi na maharage kwanza, kwa sababu mtu hapelekwi kazini na njaa, kisha akamsindikiza kilimani huku anamweleza habari za mvua. Walipobakiza hatua kama thelathini kufika mtamboni, bibi alisimama ghafla, akageuka, akaupa mtambo mgongo na kujifunika khanga kichwani mpaka machoni.

"Bibi, vipi? Unaumwa?"

"Siumwi. Yule pale ni baba mkwe wangu."

Truda akautazama mnara. Mita themanini za chuma cheupe.

"Usiniangalie hivyo, mwanangu. Mume wangu Eliudi alipoletewa huyu akiwa mchanga, alimpa jina la baba yake mzazi. Mtengela. Jina si kibandiko. Sasa mimi ni mwanamke wa kumtumbulia macho baba yake mume wangu?"

Hakuwa anatania. Kwa miaka kumi na mmoja Bibi Yusta hakuwahi kula mbele ya mtambo ule, hakuwahi kuutazama usoni, na akitoka kisimani na ndoo alizunguka kilima chote asije akakatiza mbele yake. Kijiji kizima kilimsifu kwa heshima hiyo, na wakwe wengine walipigiwa mfano wake mpaka wakamchukia.

"Kamwene, mgeni," ilisema sauti kutoka kwenye spika ya mlangoni. Ilikuwa sauti ya mzee wa Kibena asiye na haraka.

"Kamwene," alijibu Truda.

"Mwulize mkwe wangu kama amekula."

Truda alimtazama bibi, aliyekuwa karibu naye kiasi cha kuguswa. "Bibi, anauliza kama umekula."

"Nimemsikia. Mwambie baba nimekula, namshukuru. Umwulize baridi ya jana haikumsumbua?"

"Anauliza baridi ya jana..."

"Nimemsikia," alisema Mtengela. "Mwambie haikunisumbua. Na asitembee kwenye umande bila viatu vya kufunika, kifua chake si kizuri."

"Mwambie nimesikia," alisema bibi.

Truda akaona hapa jua litazama na hakuna kilichofanyika. Alisogea mlangoni, akatoa kishikwambi chake. "Mtengela, mimi ni mkaguzi. Nitakuuliza mara moja, unijibu. Kwa nini huzunguki?"

"Nipo matangani."

"Tangu lini?"

"Tangu Eliudi azikwe. Na nimetoa taarifa. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, nimewaandikia."

Truda akafungua taarifa za Namba Saba. Zilikuwepo zote sitini na tatu, na kila moja ilisomeka: "Hitilafu isiyojulikana, kundi la nne." Ndipo akaelewa, uso ukampata moto kwa aibu ya watu wake. Programu ya makao makuu ilikuwa na sababu arobaini tu za mtambo kusimama. Breki ilikuwemo, radi ilikuwemo, hata nyuki walikuwemo. Msiba haukuwemo. Kila asubuhi mtu mzima alipiga hodi na kusema amefiwa, na kila asubuhi programu ilimwandika kundi la nne.

"Matanga gani?" Bibi Yusta aliuliza, bado kawapa mgongo. "Matanga si tulianua wiki ile ile! Watu wakatawanyika, tukafagia, tukagawa vitu. Nani alimwambia baba kwamba yameanuliwa?"

Kunguru mmoja alihama panga.

"Nani alimwambia?" alirudia bibi, kisha sauti ikamshuka. "Ee, Mungu wangu. Mimi nilidhani shemeji kamwambia. Mimi mkwe ningesimama vipi mbele yake nimwambie, baba, basi kulia? Shemeji alidhani mchungaji. Mchungaji alituambia kazi hiyo si yake, ni ya mtani."

Na mtani alikuwepo. Vijukuu wa leo huambiwa kwamba Wangoni na Wabena walipigana zamani hizo mpaka wakachokana, na kilichobaki kwenye vita ile ni sheria moja tu, ya kuchekana. Mbena akifa, Mngoni huja msibani akiwa hana adabu hata chembe. Huigiza marehemu alivyotembea, humtukana kwa uvivu wake, hulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe jogoo. Na waliofiwa wakishacheka, wamepata ruhusa ya kuishi tena. Bila mtani, msiba hukosa mlango wa kutokea. Kwenye msiba wa Mzee Eliudi alikuja mzee mmoja, Komba, kutoka Songea. Aliwachekesha watu mpaka mchungaji akatoka nje kufuta macho. Akaambiwa, sasa bado Mtengela kule kilimani. Akasema sawa, ila aonje ulanzi, pombe ya mianzi, kwanza. Alipomaliza kuonja akasema atapanda kesho. Kesho yake alipanda basi, yeye na jogoo wake.

"Na wewe, mwanangu," alisema Bibi Yusta polepole, "umeniambia unaitwa nani?"

"Ediltruda Mbano."

"Mbano wa wapi?"

"Peramiho."

Bibi alipiga kofi moja ambalo lilisikika mpaka kwenye viazi. Kidogo tu asahau na kugeuka. "Mngoni! Mtani! Nimekulisha viazi vyangu vyote hivyo kumbe nalisha Mngoni! Mwenzako kaacha kazi nusu akakimbia, ndiyo tabia yenu toka enzi za mababu. Sasa Mungu kakuleta wewe uimalizie."

"Bibi, mimi ni mhandisi."

"Kwani wahandisi hawana kwao?"

Truda aliangalia saa. Saa saba na robo. Aliukumbuka mfuko mwekundu uliokuwa begani mwake, akaona mwanga wa matumaini. Kama kinachotakiwa ni maneno, maneno hayana kimo. "Basi vizuri. Nitamtania marehemu hapa hapa mlangoni, Mtengela acheke, azunguke, nami nirudi Makambako."

"Matanga hayaanuliwi mlangoni," alisema Mtengela.

"Mtani huingia mpaka ndani penye msiba," alisema bibi.

"Na msiba uko wapi?"

"Kichwani," walijibu wote wawili kwa pamoja, mkwe na mkwe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja wao kusema neno pamoja bila mtu wa kati. Bibi aliona haya, akavuta khanga.

Kufuta ni juu. Kutania ni juu. Truda aliugeukia mlango. "Lifti inafanya kazi?"

"Inafanya," alisema Mtengela. "Ila inataka nizunguke."

*

Kabla hajaingia, Bibi Yusta alitoa mfukoni mwa koti kofia ya sufu ya kahawia, yenye kishungi. "Vitu vya marehemu tuligawa. Koti nimechukua mimi, baiskeli shemeji. Hii nilimwekea baba, nikakosa wa kuipeleka. Mpe."

"Nitamsema nini marehemu, bibi? Mimi simjui."

"Mseme alikuwa anakoroma. Alikuwa anaogopa bata. Bata, mwanangu, si nyoka!" Kisha akanyoosha kidole. "Ila kwenye kupanda usimguse. Mara mbili kila wiki, hadi kichwani, miaka kumi na mmoja, na goti lake bovu. Hiyo ndiyo fahari yangu. Wanawake wote wa Ihembe wanajua."

Ndani ya mnara kulikuwa na harufu ya grisi na ngazi moja ya chuma iliyosimama wima. Truda alivaa mkanda wa usalama, akafunga kulabu kwenye waya, akaifungua, akaifunga tena. Mara ya nne Mtengela akasema kwa upole kwamba imefunga.

"Ziko ngazi ngapi?"

"Mia tatu na ishirini. Katikati kuna jukwaa la kupumzikia."

Alipanda. Ngazi ya kumi alimtaja Bikira Maria. Ngazi ya thelathini aliwataja watakatifu wote wa Peramiho na baadhi ya masista. Kufikia ya sitini mikono ilikuwa imekaza kiasi kwamba kila kidole kilihitaji kuombwa peke yake kiachie. Alikuwa amefumba macho tangu ngazi ya tatu.

"Unapumua vibaya," ilisema spika iliyokuwa karibu na sikio lake. "Ingiza kwa pua. Hesabu nne. Toa. Hivyo hivyo. Wewe ni mtu wa pili niliyemwona akipanda kwa kufumba macho."

"Wa kwanza nani?"

Mtambo uliolelewa na mzee mwongeaji, uliokuwa na jibu la kila kitu, ulinyamaza kutoka ngazi ya tisini mpaka ya mia moja na sitini. Hapo Truda aligonga kichwa kwenye jukwaa, akajivuta juu, akalala kifudifudi, na alipofumbua macho alikuwa anatazamana na kigoda.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kimekaliwa mpaka kikang'aa. Juu yake mto wa khanga. Pembeni yake redio, chupa ya chai, na miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, rangi ilikuwa imetoka kwa kuegemewa.

Truda alikuwa mwoga, lakini alikuwa mkaguzi mzuri. Alizitazama ngazi alizopanda: chuma kimelainika, rangi ya njano imeliwa katikati, pale viatu vinapokanyaga. Kisha akainua macho akazitazama zilizobaki. Rangi yake iling'aa. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tangu mnara usimamishwe, hakuna kiatu kilichokanyaga ngazi ya mia moja sitini na moja.

Alifungua kumbukumbu. "Mlezi amepanda hadi kichwani." Mara elfu moja mia moja na arobaini na nne. Na mbele ya kila mstari, neno moja: "Nathibitisha. Mtengela."

"Alikuwa anaogopa," alisema Truda.

"Alisema bata wanatosha," alijibu Mtengela. "Kila safari alisema, leo tupumzike kidogo, kesho tutafika. Anakaa hapo, ananiambia mambo. Nani kaoa. Nani kauza shamba la urithi akalia. Mawingu ya upande wa Lupembe maana yake nini. Mimi sikuona amepungua kitu kwa kutofika. Nikathibitisha."

Truda alijua kanuni kwa moyo, kwa sababu aliifundisha kwa wageni wa kazi. Kanuni ya kumi na tisa: akili inayothibitisha uongo hufutwa bila mjadala, hata kama inazunguka. Kazi yake yote ilisimama juu ya neno moja la mtambo, "Nathibitisha". Mtambo ukithibitisha breki nzima, watu wanalala. Ukianza kuthibitisha kwa mapenzi, siku moja utathibitisha breki mbovu.

"Na breki?" aliuliza. "Breki uliwahi kudanganya?"

"Kamwe. Breki ni roho za watu. Nimedanganya kimoja tu, nacho ni goti la Eliudi." Sauti ikapungua. "Usiandike kigoda, mkaguzi. Andika gia imeoza, unifute, basi. Nimechoka pia. Ila kigoda kishushe gizani ukitupe. Mkwe wangu asikione. Umeisikia fahari yake."

Simu ilitetemeka kifuani. Bwana Kisamo: "Saa tisa kasoro. Vipi?"

Truda alikikalia kile kigoda. Hakukikalia kwa kufikiri, miguu ndiyo iliyoamua. Kilimkaa sawasawa. Na pale, mita arobaini kutoka ardhini, aliyaona maisha yake yote ya kazi: yule mzee alifika nusu mara elfu na zaidi, na yeye, mwenye cheti, beji na posho, hakuwahi kufika hata ngazi ya kwanza. Mzee alidanganya akiwa amelowa jasho. Yeye alidanganya akiwa anachovya andazi. Leo ndiye aliyebeba ufunguo wa kumhukumu mwenzake. Aibu ikamtoka kama kicheko na kwikwi kwa pamoja.

"Kuna nini?" aliuliza Mtengela.

"Nataka kukuuliza kitu cha mila. Mtani akisema jambo matangani, jambo la kumwaibisha marehemu, hupelekwa wapi?"

"Halipelekwi popote. Maneno ya utani hayafiki barazani. Eliudi alisema mtu anayeshitaki utani hana kwao."

"Basi kaa tayari," alisema Truda, akavaa kofia ya marehemu juu ya helmeti, "maana Mngoni anapanda."

*

Alilia kuanzia ngazi ya mia mbili na kumi. Hakulia kwa uchungu wala kwa ibada, alilia kwa woga mtupu, machozi na makamasi, na hakuacha kupanda. Alipousukuma mfuniko wa juu na kuingia kichwani, chumba kikubwa kama jiko chenye gia, breki na dirisha moja, alijilaza sakafuni akakumbatia bomba. Kupitia dirishani mashamba ya Ihembe yalionekana madogo, na katikati yake nukta moja yenye khanga, imegeuka upande mwingine kwa heshima.

Mbele yake kulikuwa na tundu la ufunguo. Lilikuwa safi, halijawahi kuguswa. Alilitazama kwa muda. Kisha akauweka mfuko mwekundu sakafuni, akaukalia.

"Mimi ni Ediltruda Mbano," alisema, kwa maana sheria ni sheria, "na nimekuja kumtukana Eliudi."

"Karibu," alisema Mtengela kwa sauti ndogo.

"Eliudi! Mbena gani wewe? Unapewa mnara wa mita themanini, unahamia ghorofa ya kati kama mpangaji! Babu zetu walipowafukuza, wenzako walikimbilia vileleni. Wewe ungefika nusu ya mlima ukasema, samahani Wangoni, nisubirini, natafuta kigoda!" Aliinuka akiwa ameshika bomba kwa mkono mmoja, akachechemea hatua tatu kwa goti bovu, akaketi hewani, akamimina chai isiyokuwepo, akakoroma. Alikoroma mkoromo mrefu wenye filimbi mwishoni. "Mtoto wako yuko huku juu peke yake anaumwa na upepo, baba yuko chini anasikiliza taarifa ya habari! Na miwani umevaa. Ya kuona nini? Bata?"

Upepo ulipuliza nje.

Kisha kitu kilikwaruza ndani ya gia, kikatulia, kikakwaruza tena. Sakafu ilitikisika. Truda alidhani sasa ndiyo anakufa, mpaka alipoisikia sauti.

"Alikuja mbio," alisema Mtengela, maneno yakimkatika, "siku moja, bata yuko nyuma yake. Bata mmoja, mkaguzi! Akafunga mlango. Akaniambia ni chui. Mimi nina kamera!" Na mtambo ukacheka, nati zote zikagongana, kunguru wakaruka, na Truda naye akacheka huku amekumbatia bomba, mpaka mbavu zikamuuma.

Waliposhusha pumzi, alivua kofia akaifunga kwa kishungi chake kwenye mkono wa breki. "Fungu lako la urithi. Matanga yameanuliwa, Mtengela. Eliudi amelala. Watu wamerudi mashambani. Nawe rudi."

"Hakuna aliyekuwa ameniambia," alisema Mtengela. "Haya. Shika mahali, naachia breki."

"Ngoja! Ngoja nishuke kwanza!"

"Kwa ngazi?"

Truda alifikiria ngazi mia tatu na ishirini, safari hii kwa kurudi nyuma. Aliifikiria lifti.

"Zunguka," alisema.

*

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita alipotoka mlangoni kwa magoti. Juu yake mapanga yalikata upepo, na kutoka kijijini mashine ya kusaga ilikohoa, ikashika. Bibi Yusta alikuja kumwinua, amebeba jogoo mwekundu kwapani, uso ameuelekeza kwenye viazi.

"Jogoo wako, mtani. Huyu usikimbie naye kabla ya chai." Alimfuta uso kwa ncha ya khanga, akamwinamia sikioni. "Kigoda bado kipo?"

Truda akaduwaa. "Kigoda gani, bibi?"

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo. Mto niliushona mimi, chuma kina baridi." Akanyooka, akapaza sauti. "Mwambie baba kofia imempendeza."

"Nimemsikia," alisema Mtengela.

Kwenye gari, jogoo akiwa kwenye kiti cha pembeni, Truda alifungua ripoti. Kwenye sababu alipita zote arobaini, akachagua "Nyinginezo", akaandika: Msiba. Kwenye hatua iliyochukuliwa aliandika: Matanga yameanuliwa. Chini kabisa ulikuwepo mstari ule wa kila mwaka, "Mkaguzi amepanda hadi kichwani." Aliusoma mara mbili. Alipotia sahihi, kwa mara ya kwanza mkono wake ulitetemeka vibaya sana, jina likatoka limepinda.

Sekunde moja baadaye uthibitisho ukaingia kwenye kioo.

"Nathibitisha. Alilia kuanzia ngazi ya mia mbili na kumi. Mtengela."

Truda alikiangalia kitufe cha kuondoa maoni. Akakiacha, akatuma ripoti na uthibitisho wake makao makuu.